ETI MASWALI KUMI YAJUE KAMA ANAKUPENDA? KWANZA KIPIME HICHO KIPIMO!

Mpenzi msomaji, kama hujawahi kujaza vile vijaribio vya mapenzi, basi mjini umekuja jana. Unavijua vizuri. "Jipime: je, mwenzi wako ana wivu kupita kiasi?" "Maswali kumi yatakayokuonyesha kama ni wako peke yako." Zamani tulikuwa tunavikata magazetini tunavibandika nyuma ya daftari la shule. Siku hizi vinaruka tu kwenye simu, kutoka kundi hadi kundi, na hakuna anayeuliza nani kavitunga. Unajibu ndiyo au hapana, unajumlisha, halafu unakuta hukumu imekusubiri chini: alama 0 hadi 4, shoga, kimbia!

Watu wanacheka. Lakini huku kwetu Buzebazeba, Kigoma, kijaribio cha namna hiyo nusura kivunje posa ya watu, na barua ilishajibiwa, na wazee walishakunywa soda.

Binti mwenyewe ni fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mchumba wake ni mvuvi wa dagaa. Siku hiyo alikuja kwangu macho mekundu, simu mkononi.

"Dada, mimi namrudishia barua yake. Alama tatu kati ya kumi! Si bora hata angepata tano?"

Nikaichukua simu nikasoma maswali. La kwanza: hukupigia kila usiku kabla ya kulala? La nne: Jumamosi jioni hukutoa kwenda kula raha? La saba: hujibu ujumbe wako ndani ya dakika tano?

Mtu wa Kigoma hapo ameshaelewa. Kwa ambaye hajawahi kuliona Ziwa Tanganyika, nieleze kidogo. Dagaa wanavuliwa usiku, tena usiku wa giza. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, zamani zilikuwa karabai, samaki wanaufuata mwanga, ndipo nyavu zinafanya kazi. Mwezi ukiwa mkubwa taa zinakosa nguvu, kwa hiyo siku za mbalamwezi wavuvi wengi wanabaki nchi kavu, wanashona nyavu, wanalala, na ndiyo, wanapiga simu. Binti alikuwa amejaza kijaribio katikati ya giza.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, barua iache hapo hapo ilipo. Mjazie tena wiki ya mbalamwezi."

Akajaza. Nane kati ya kumi!

MIZANI INAYOYUMBA

Sasa jiulize. Kijana ni yule yule, binti ni yule yule, maswali ni yale yale. Kilichobadilika ni mwezi tu. Ungepeleka kilo moja ya mchele dukani asubuhi mizani ikasoma kilo moja, jioni mchele ule ule ukasoma robo tatu, ungemlaumu mchele? Ungeitupa mizani.

Hiyo ndiyo sifa ya kwanza ambayo wataalamu wa saikolojia wanaitafuta kwenye kipimo chochote cha tabia, akili au hisia: uthabiti. Mtu yule yule akipimwa leo na akapimwa tena baada ya wiki mbili, na katikati hakuna kikubwa kilichomtokea, majibu yakaribiane. Wapo wanaochukua kipimo kimoja wakakigawa nusu kwa nusu, maswali ya namba witiri huku na namba shufwa huku, waone kama nusu zote mbili zinasema jambo moja. Na kama majibu ni ya maelezo, wanawapa wasahihishaji wawili karatasi moja bila kuonyeshana. Mmoja akitoa 9 na mwenzake 4, basi hapo hawajampima mtahiniwa, wamepimana wao.

Angalia lakini, si kila kinachobadilika ni kosa la kipimo. Hofu ya mtu kabla ya usaili wa kazi na baada ya usaili haiwezi kuwa moja. Kinachotakiwa ni kujua unachopima ni kitu cha kudumu au cha kupita. Mapenzi yanayopanda na kushuka kwa kufuata mwezi mchanga, hayo mimi siyajui.

INAPIMA NINI HASA?

Tuseme kijana angepata nane kila siku, giza na mbalamwezi. Je, ndiyo anapenda? Wapi! Mizani inaweza kuwa imefungwa kijanja, kila siku inaongeza gramu mia mbili, haiyumbi hata kidogo. Thabiti, na mwizi.

Sifa ya pili, na kwangu ndiyo mama wa zote, ni uhalali: kipimo kipime kile kinachosema kinapima. "Hukupigia kila usiku" inapima vocha, chaji na mtandao wa simu katikati ya ziwa. "Hukutoa Jumamosi" inapima mfuko. Kuna tapeli mmoja hapa mjini angepata kumi kamili kwenye karatasi ile, na wake zake wote watatu wangeshuhudia.

Uhalali unathibitishwaje? Kwa kulinganisha. Unachukua majibu ya kipimo unayaweka pembeni ya ushahidi mwingine ambao hautoki kwenye kipimo. Kipimo kinachodai kutambua wafanyakazi wazuri, subiri mwaka mmoja uone waliofaulu kama kweli wanafanya kazi vizuri. Kipimo kinachodai kutambua ugonjwa, mpeleke mtu yule yule kwa daktari azungumze naye ana kwa ana, bila kumwambia alama alizopata. Yule mama mzaa binti alifanya utafiti wake kwa njia hiyo hiyo: alimwita kijana, akamkalisha kwenye mkeka, akamuuliza mwenyewe mbele ya shangazi. Walichoongea hakinihusu.

MTOTO WA WAYA, MTOTO WA PENSELI

Haya ya mapenzi ni utangulizi tu. Kasheshe inaanza kipimo kinapotumika kumwambia mtoto wa mtu kwamba ni kilaza.

Mwaka 1905 Wafaransa wawili, Alfred Binet na Théodore Simon, walitoa kipimo cha akili kwa nia njema kabisa: kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi shuleni. Kilipovuka bahari nia ikabadilika. Mwaka 1917 jeshi la Marekani lilianza kupima askari wake, zaidi ya milioni moja na nusu, na kati ya maswali ya kupima akili lilikuwemo moja la kuchagua jibu: Crisco ni kitu gani? Dawa, dawa ya meno, au chakula? Crisco ni mafuta ya kupikia ya dukani kule kwao. Mhamiaji aliyeshuka meli juzi akishindwa, anaandikiwa akili ndogo! Ni kama mimi nimkamate profesa wa Ulaya nimuulize mgebuka ni nini, akikosa nimrudishe darasa la kwanza.

Robert Serpell, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Zambia, aliamua kuliangalia jambo hili kwa vitendo. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1979 alilinganisha watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester, Uingereza. Wote walitakiwa kuiga maumbo waliyoonyeshwa. Kwa penseli na karatasi, Waingereza walishinda. Kwa udongo wa kufinyanga, ngoma droo. Kwa waya, Wazambia waliwaacha wenzao mbali. Kwa nini waya? Msomaji uliyekulia uswahilini huhitaji kuambiwa: nani hakuwahi kutengeneza gari la waya likapiga kona na usukani wake? Akili ni ile ile ya kuangalia umbo na kulirudia, kinachotofautiana ni mkono umezoea nini. Sasa fikiria kipimo chote kingekuwa cha penseli.

Jirani zetu wa Kenya nao wana lao. Usenge, pembezoni mwa Ziwa Victoria, kundi la Robert Sternberg wa Marekani na wenzake, Wakenya wakiwemo, lilipima watoto 85 juu ya dawa za asili: mtu anaumwa hivi, dawa yake ipi? Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Waliozijua dawa vizuri walielekea kupata alama za chini kwenye msamiati wa Kiingereza. Kila mtoto alikuwa na elimu, tofauti ilikuwa nyumbani kwao wameweka mkazo wapi.

Lakini kesi inayonikosesha usingizi ni ya Bagamoyo, hapa hapa Tanzania, iliyochapishwa mwaka 2002. Walipimwa watoto wa shule wa miaka 11 hadi 13, mia kadhaa. Walipewa mafumbo ya kufikiri: kupanga vitu kwa makundi, kufikia jawabu kwa kuuliza maswali machache. Baada ya jaribio la kwanza, kundi kubwa lilipewa somo fupi, halikufika hata saa nzima, la namna ya kuyashika mafumbo ya aina hiyo. Kundi jingine halikupewa. Kisha wote wakapimwa tena.

Wasiofundishwa walibaki karibu pale pale, wa juu juu, wa chini chini. Waliofundishwa walipanda, na mpangilio wao ukavurugika: alama ya mara ya kwanza haikuwa tena na nguvu ya kutabiri ya mara ya pili. Watoto waliokuwa mkiani saa moja kabla hawakuwa mkiani tena. Chini ya saa moja, jamani! Na hebu fikiria wangapi wameandikiwa "uwezo mdogo" kwenye ripoti kwa jaribio la kwanza tu, katika chumba chenye kelele, kwa lugha ya tatu, na mwalimu ameshachelewa daladala.

Ndiyo maana kipimo kizuri kina masharti ya kuchosha kama ya chanjo: maelekezo yale yale kwa kila mtu, muda ule ule, usahihishaji ule ule. Na alama yako isikae uchi, ilinganishwe na watu wa aina yako. Ukisikia "umepata 62," swali la kwanza ni: kulinganisha na nani? Kama na vijana wa Chicago, wewe wa Buzebazeba ujue umevishwa suruali ya mtu mwingine.

GUNIA LA DAGAA

Na hapo ndipo tunaingia kwenye sampuli, jambo ambalo watu wanadhani ni la wasomi wa takwimu peke yao. Nenda Kibirizi ukanunue dagaa. Muuzaji mjanja anapanga wazuri juu ya gunia, wanang'aa kama fedha. Chini ni vichwa na mchanga. Mnunuzi mgeni anachota wa juu, anasifia, analipa. Mnunuzi mzoefu anazamisha mkono mpaka chini, huku na huku, ndipo anataja bei. Huyo mzoefu ni mtaalamu wa sampuli, cheti tu hana.

Tuseme gazeti linataka kujua vijana wangapi wa Kigoma Mjini wana msongo wa mawazo. Mwandishi anasimama soko la Mwanga saa nne asubuhi, anauliza wapita njia hamsini, kesho kichwa cha habari kinasomeka "NUSU YA VIJANA KIGOMA WACHANGANYIKIWA!" Hiyo ni sampuli ya urahisi, dagaa wa juu ya gunia. Saa nne asubuhi mvuvi amelala. Mkulima yuko shamba. Binti anayelea wadogo zake hatoki. Na yule ambaye msongo umemlaza kitandani siku ya tatu, ambaye hasa ndiye anayetafutwa, hawezi kupita sokoni.

Njia ya haki ni bahati nasibu. Mtaa una orodha ya kaya. Zipe namba, weka vikaratasi kwenye ndoo, changanya, chota. Kila kaya ina nafasi sawa, ya tajiri na ya mama ntilie. Kama orodha ni ndefu, unachota namba moja ya kuanzia halafu unaruka, kila ya kumi, bora tu mpangilio wa nyumba usije ukawa na mchezo wake, kila ya kumi ikawa ya kona na ni duka. Ukiogopa wavuvi watapotea kwa uchache wao, gawa kwanza mafungu, wavuvi hapa, wakulima pale, wanafunzi, wafanyabiashara, kisha chota kwenye kila fungu. Na ukiwa na nauli ndogo, bahatisha kata kwanza, pengine Gungu, Bangwe na Rusimbi, ndani yake bahatisha mitaa, ndani ya mitaa kaya. Inaokoa miguu, ila majirani huwa wanafanana, kwa hiyo inabidi uongeze idadi. Kuna pia ile ya mtu kukupeleka kwa mwenzake, na mwenzake kwa mwingine, nzuri kwa watu wanaojificha, lakini ukianza na marafiki wa mtu mmoja utaishia na marafiki wa mtu mmoja. Wazungu wanaifananisha na mpira wa theluji. Sisi theluji tunaiona kwenye picha ya Kilimanjaro.

Ugumu wake uko mlangoni. Namba imedondokea nyumba fulani, unabisha hodi, hayupo. Kishawishi ni kuingia kwa jirani aliyeacha mlango wazi na ana kahawa. Usiingie! Rudi jioni, rudi kesho. Aliyekosekana nyumbani hafanani na aliyepo.

Kuna wanaodhani wingi wa watu unatibu yote. Mwaka 1936 jarida moja la Marekani, Literary Digest, lilituma kadi karibu milioni 10 kuuliza nani atashinda urais, zikarudi zaidi ya milioni 2. Likatangaza Alf Landon. Franklin Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48! Majina yalichotwa kwa wingi kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, wakati nchi iko kwenye njaa na uchumi umeanguka. George Gallup, kwa watu wachache zaidi lakini waliochaguliwa kwa mpango, alimtaja mshindi sahihi. Mwaka 1938 jarida likafa.

Twaweza, walipoanzisha Sauti za Wananchi hapa Tanzania, waliliona shimo hilo mapema. Walitaka kuhoji watu kwa simu. Badala ya kuanza na wenye simu, walibahatisha kaya kwanza, wakazifuata ziliko, halafu wakawapa watu simu na chaja za jua.

Sasa rudi kwenye kile kijaribio cha mapenzi. Mara nyingine kinajitapa kwamba "maelfu wamejaza." Ndiyo, maelfu ya wenye simu, wenye bando, na wenye wasiwasi na wachumba wao. Aliyetulia na mpenzi wake anajaza ili iweje?

1.75 AU 1.06?

Nimalizie na vipimo vya huzuni, kwa sababu navyo vimeshaingia kwenye simu za vijana na havina utani. Sonona ni ugonjwa, na vipo vipimo halali vya kuibaini. Kimojawapo ni orodha ya Hopkins yenye vipengele 25, iliyozaliwa Marekani. Ndani yake, kwa Kiingereza, kuna kipengele kinachouliza kama mtu anajisikia "bluu". Tafsiri neno kwa neno, umuulize mama wa Ujiji kama wiki hii amejisikia bluu, akutazame kama wewe ndiye mgonjwa. Kwa hiyo watafsiri makini wanatafsiri kwenda Kiswahili, mwingine asiyeona asili anarudisha Kiingereza, wanalinganisha, na bado wanakwenda kuwauliza watu wenyewe wanasemaje: moyo mzito, mawazo mengi, sina raha.

Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walikwenda mbali zaidi. Walikitumia kipimo hicho Dar es Salaam kwa wajawazito wenye VVU, wakalinganisha alama na mahojiano ya kitabibu ya ana kwa ana, wakachapisha mwaka 2002. Kule Marekani mpaka uliozoeleka wa kusema "huyu huenda ana sonona" ni 1.75. Kwa wanawake wale wa Dar, mpaka uliowatambua vizuri ulikuwa 1.06. Tena maswali manane tu kati ya 25 yalitosha kufanya kazi hiyo.

Iangalie tofauti hiyo. Mama aliyepata 1.3, kwa mpaka wa kigeni angeambiwa mzima, aende nyumbani. Na mpaka wenyewe wa 1.06 ulipatikana kwa wajawazito wenye VVU wa Dar, kwa hiyo hauwezi kubebwa mzima mzima ukawekwa kwa kijana wa kiume wa Buzebazeba anayetafuta ajira. Naye anastahili apimiwe upya.

Kwa hiyo ukikutana na kipimo cha sonona mtandaoni, soma kimetoka wapi na kimejaribiwa kwa nani. Vile vizuri, kama kile cha maswali tisa kinachouliza habari za wiki mbili zilizopita, kazi yake ni kukuonyesha mlango, hukumu anatoa daktari au muuguzi wa afya ya akili baada ya kuongea na wewe. Kwa sisi wa huku ni hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni. Na ukiona mwenzako anazungumzia kufa, au wewe mwenyewe mawazo hayo yamekuingia, usikae kujumlisha alama. Mshike mtu mkono muende siku hiyo hiyo, iwe giza au mbalamwezi.